Pedali mpya ya efekti nyingi: jinsi ya kuizoea kabla haijakuaibisha ukumbini

Pedali yangu ya kwanza ya efekti nyingi, kile kisanduku cha kukanyaga kinachobadilisha sauti ya gitaa la umeme, ilikufa kabla sijaisikia. Niliinunua mkononi mwa mtu, haikuwa na adapta. Nikatazama huku na huku sebuleni kwetu Ngamiani, nikaona adapta ya kinanda cha bendi imelala juu ya kabati, na ncha yake ikaingia kwenye tundu kama imezaliwa humo. Nikachomeka. Skrini iliwaka mara moja, ikafuata harufu ya plastiki iliyobabuka, kisha kimya. Mpiga kinanda wetu alicheka wiki nzima. Mimi sikucheka.

Niliyonayo sasa ni ya pili. Nimeizungusha kwenye harusi za hapa Tanga, kwenye mazoezi, na Jumapili nyingine kanisani nikimshikia mtu nafasi. Huwa naulizwa na vijana waliotoka kununua ya kwao: nianzie wapi? Boksi limeandikwa lina sauti mia mbili, na wao wamezipitia zote usiku mmoja, asubuhi hawakumbuki hata moja. Ninachowaambia ndicho nitakachokuambia hapa. Jipe wiki mbili, na mwisho wake uwe na sauti nne tu, lakini ziwe nne unazojua kila moja imetengenezwa na nini. Hizo nyingine zisubiri.

Hatua ya 1: Adapta kwanza, gitaa baadaye

Igeuze pedali, au tazama mgongoni mwake karibu na tundu la umeme. Pameandikwa mambo matatu, na yote matatu lazima yakubaliane na adapta.

La kwanza ni volti. Pedali nyingi za namna hii hutumia volti 9 za DC. Zipo za 12, na zipo zinazokula volti 5 kupitia tundu la USB, kwa hiyo usikisie, soma. La pili ni miliampia, zile mA. Hapa adapta iwe sawa au izidi. Pedali inayotaka mA 500 ukiipa adapta ya mA 1000 haiungui, itachukua kile inachohitaji na kuacha kilichobaki. Ukiipa ya mA 100, ile ya pedali ndogo moja, itawaka na kuzimika, au itawaka huku inanguruma, nawe utaanza kulisingizia gitaa.

La tatu ndilo lililoniliza. Kuna mchoro mdogo wa nukta iliyokumbatiwa na nusu duara, na kila kimoja kina mstari unaokwenda kwenye alama ya kujumlisha au ya kutoa. Nukta ni pini ya katikati. Kwenye pedali za gitaa desturi ni hasi katikati, yaani mstari wa nukta unakwenda kwenye alama ya kutoa. Adapta nyingi za vinanda na za ruta za intaneti ni kinyume: chanya iko katikati, na mara nyingi ni volti 12 juu yake. Tundu haliwezi kukuambia, ncha zote zinaingia. Kama maandishi yamefutika, mpelekee fundi redio yeyote mwenye mita. Ni kazi ya nusu dakika, na wengi hawakutozi hata shilingi.

Umeme wetu ni wa volti 230, na unajulikana kwa kuondoka bila kuaga. Unapokatika, chomoa adapta. Ukirudi, subiri dakika chache utulie ndipo uchomeke tena. Kama pedali yako inakubali betri, kama zilivyo Boss GT-1 na Zoom G1 Four zinazotumia betri nne za AA, nunua seti moja uiweke kwenye begi. Haitakusaidia gizani tu, utaona hapo mbele inavyosaidia pia kumkamata mwizi wa kelele.

Hatua ya 2: Waya

Gitaa linaingia palipoandikwa INPUT, na sauti inatoka OUTPUT. Nalisema kwa sababu nimewahi kukaa robo saa nikitafuta kwa nini hakuna sauti, na nilikuwa nimegeuza. Matundu ya kutokea yakiwa mawili, nawe una amplifaya moja, tumia lile lililoandikwa L/MONO. Ukitumia la kulia peke yake, baadhi ya efekti zitakufikia nusu.

Punguza sauti ya amplifaya hadi sifuri, chomeka kila kitu, washa pedali, kisha amplifaya, ndipo upandishe taratibu. Wakati wa kufunga anza kinyume: amplifaya kwanza. Ule mlio wa "pwaa" unaosikika mtu akichomoa waya huku spika ziko juu ndio unaochosha spika, na ndio unaomfanya fundi mitambo akuchukie kabla hata hujapiga.

Hatua ya 3: Iambie pedali unaipeleka wapi

Kama utasoma sehemu moja tu ya mwongozo huu, isome hii. Karibu kila anayeniambia "pedali yangu ina sauti mbaya" tatizo lake liko hapa.

Spika ya amplifaya ya gitaa si spika ya kawaida. Juu ya hezi 5,000 hivi (hezi ni mitetemo kwa sekunde) uwezo wake unaporomoka, sauti kali za juu hazipiti. Sikio letu limezoea hivyo, hiyo ndiyo sauti tunayoiita gitaa la umeme. Spika za ukumbi, na hedifoni, zinapitisha kila kitu, pamoja na ule mkwaruzo wa juu ambao spika ya gitaa ingeumeza. Ndiyo maana distoshoni, ile efekti ya mkwaruzo mzito, ukiipeleka moja kwa moja kwenye mikisa, yaani mashine ya kuchanganya sauti za bendi, inakuwa nyuki ndani ya debe.

Watengenezaji wanalijua hilo, wakaweka ndani ya pedali kitu kinachoiga boksi la spika. Kwenye menyu utakiona kimeandikwa CAB, au CABINET, au IR. Kanuni yake ni hii: ukiingia kwenye mikisa, hedifoni, au simu kwa ajili ya kurekodi, CAB iwake. Ukiingia kwenye amplifaya ya gitaa yenye spika yake, CAB izimwe, maana boksi lipo tayari mbele yako, na ukiwasha utakuwa umepitisha sauti kwenye maboksi mawili, itoke nzito na butu kama mtu anayeongea akiwa amejifunika blanketi.

Pedali nyingi zina mahali pamoja pa kuliamua hili kwa sauti zote kwa mpigo, kwenye mipangilio ya jumla, palipoandikwa OUTPUT au GLOBAL. Patafute siku ya kwanza. Usiku unafanya mazoezi kwa hedifoni ili usiamshe watoto, Jumamosi unaingia kwenye mikisa ya ukumbi, Jumapili kuna amplifaya ya kanisa. Ukijua kitufe hicho kilipo, hutahitaji kurekebisha sauti moja moja.

Hatua ya 4: Sikiliza gitaa lako likiwa tupu

Zima efekti zote, zote kabisa. Pedali nyingi zina njia ya kuzipita zote, inaitwa BYPASS, mara nyingi kwa kukanyaga vitufe viwili pamoja. Washa tyuna, weka nyuzi sawa kwa A ya hezi 440, halafu piga. Piga kodi (zile noti zinazopigwa pamoja, si zile za TRA) unazozijua, piga ule mtiririko wa rithimu unaoupiga hata ukiwa usingizini. Kisha chomoa gitaa kwenye pedali, liingize kwenye amplifaya moja kwa moja, urudie yale yale.

Tofauti ikiwa ndogo sana, endelea. Gitaa likionekana limepungua nguvu kupitia pedali, angalia kama kuna mpangilio wa INPUT uliowekwa chini sana. Likikwaruza hata likiwa tupu, INPUT iko juu mno, hasa kama gitaa lako lina pikapu, zile sumaku zinazodaka mlio wa nyuzi, zenye nguvu.

Sasa acha kupiga, shika nyuzi zisilie, sikiliza kimya. Kuna muungurumo? Tafuta noti yake kwenye gitaa. Piga waya mnene wa juu, freti ya tatu, hiyo ni G ya hezi 98. Kama muungurumo unakaribia sana noti hiyo lakini uko juu yake kidogo, ni hezi 100, mtoto wa umeme wetu wa hezi 50. Chanzo ni umeme, si pedali. Hapo ndipo betri zinapokuja. Chomoa adapta, tia betri. Muungurumo ukikoma, mwizi ni adapta au soketi. Ukiendelea, jigeuze ulipokaa, geuza gitaa taratibu kama mtu anayetafuta mtandao. Pikapu za koili moja zinadaka mawimbi ya taa, ya feni na ya chaja, na mara nyingine kusogea hatua mbili tu kunatosha. Na ile "diri-diri-diri" inayokuja ghafla na kuondoka ni simu yako. Itoe juu ya amplifaya.

Hatua ya 5: Priseti za kiwandani, jioni moja tu

Priseti ni zile sauti zilizopangwa tayari ndani ya pedali. Zipitie, jifurahishe, ni haki yako. Lakini kaa na kalamu. Inayokugusa andika namba yake na neno moja: "solo", "kanisa", "maji". Ukimaliza utakuwa na sita au saba, nazo zitatosha.

Usizichukue kama zilivyo. Zimetengenezwa ili zimvutie mnunuzi aliye peke yake, dukani, gitaa moja bila ngoma wala besi. Ndiyo maana karibu kila moja imeloweshwa riverbu (mwangwi kama wa chumba) na dilei (mwangwi unaorudia ulichopiga). Ndani ya bendi yenye kinanda, solo, rithimu, besi, ngoma na waimbaji watatu, sauti hiyo haionekani ilipo. Usiku wangu wa kwanza na pedali hii nilipeleka priseti moja niliyoipenda sana chumbani, nikaipiga kwenye ukumbi wenye kuta za saruji na paa la bati. Wimbo wa pili haujafika nusu, fundi mitambo akaja jukwaani, akaniinamia sikioni.

"Kaka, hilo gitaa limeingia kisimani?"

Ukumbi wa saruji una riverbu yake, tena ya bure. Ukiongeza ya kwako juu yake, kila noti inaikanyaga iliyotangulia.

Hatua ya 6: Jenga sauti safi kuanzia sifuri

Tafuta priseti tupu, au chukua yoyote ufute kila kilichomo. Sauti yako ya kwanza iwe safi, isiyo na mkwaruzo. Hii si ladha yangu tu, ni kazi ya mji huu. Bendi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz zilijenga jina la Tanga kwa magitaa safi yanayojibizana, na ndugu Wilson na George Kinyonga walipitia Jamhuri Jazz kabla ya kwenda kuanzisha bendi ya Simba Wanyika nchini Kenya. Upande wa taarab, Black Star na Lucky Star walipiga kwa magitaa ya umeme. Katika muziki wa namna hiyo kila noti lazima isikike imeanzia wapi na imeishia wapi. Ukipiga harusi hapa, hiyo ndiyo sauti utakayoitumia saa nne kati ya tano.

Weka kimoja kimoja, na baada ya kila kimoja piga dakika tano kabla ya kuongeza kingine.

Anza na amplifaya ya kuigiza, sehemu iliyoandikwa AMP. Chagua iliyo safi. Gain, yaani nguvu ya kusukuma sauti hadi ianze kukwaruza, iwe chini, chini ya theluthi. Besi, kati na juu zote ziweke katikati kabisa, saa sita juu. Usizipeleke popote bado. Makosa mengi yanatokana na watu kukata sauti za kati kwa sababu chumbani zinaudhi. Ukumbini sauti za kati ndilo gitaa lenyewe. Chini kuna besi na ngoma kubwa, juu kuna matoazi, na wewe nyumba yako ni hapo katikati. Ukijifukuza mwenyewe, usimlaumu mpiga kinanda akihamia.

Pili, kompresa, na ikae kabla ya amplifaya kwenye mnyororo wa efekti. Kazi yake ni kusawazisha noti iliyopigwa kwa nguvu na ile iliyoguswa tu, ili ule mtiririko wa haraka wa solo usikike wote. Ipandishe hadi uisikie inabana, kisha rudisha nyuma robo. Kama ukiacha kupiga, kelele ya chini inapanda kama pumzi, umezidisha.

Tatu, korasi. Pedali ya kwanza ya korasi, Boss CE-1, ilitoka mwaka 1976, na sakiti yake ilitokana na ile ya amplifaya ya Roland JC-120. Efekti hii inachukua sauti yako, inatengeneza pacha wake, inamchelewesha kidogo sana na kumyumbisha, kisha inawachanganya. Utasikia gitaa limekuwa kama mawili. Kasi, yaani RATE, iwe ndogo. Kina, yaani DEPTH, kiwe kidogo. Kipimo changu ni hiki: nikiiwasha nisiisikie, nikiizima niikose. Ukianza kuhisi unayumba kama uko ndani ya mashua wakati wa kusi, punguza.

Riverbu iwe ya mwisho, ya chumba kidogo, mchanganyiko wake asilimia 10 hadi 15. Basi. Ihifadhi.

Hatua ya 7: Kuhifadhi, maana hakuna anayekuambia

Ukigeuza nobu, sauti inabadilika palepale, unaridhika, unahamia priseti nyingine. Ukirudi, kazi yako yote haipo. Pedali nyingi hazihifadhi zenyewe. Kuna kitufe cha WRITE, STORE au SAVE, na mara nyingi ni lazima ukibonyeze mara mbili: mara ya kwanza inakuuliza namba ya mahali, mara ya pili inakubali. Zipo nyingine zinazohifadhi kila badiliko papo hapo, na hizo zina hatari yake, unaweza kuharibu sauti nzuri kwa kugusa nobu bila kukusudia. Jua yako ni ya aina gani kabla hujalala leo.

Hatua ya 8: Dilei na hesabu yake ndogo

Dilei inarudia ulichopiga baada ya muda fulani, na muda huo unapimwa kwa milisekunde. Isipoendana na mwendo wa wimbo, inavuruga ngoma na kila mtu jukwaani atahisi kuna kitu hakiko sawa bila kujua ni nini. Hesabu ni rahisi: gawa 60,000 kwa mapigo ya dakika moja. Wimbo wa mapigo 120 unatoa 60,000 gawanya kwa 120, sawa na milisekunde 500 kwa pigo moja. Ukitaka mwangwi uangukie katikati ya mapigo, chukua nusu, 250. Ukitaka ule unaoruka na kuchezacheza, chukua robo tatu, 375. Wimbo wa mapigo 110 unakupa 545, nusu yake 273.

Ukumbini hutakaa na kikokotoo. Pedali nyingi zina TAP, unakanyaga kufuata ngoma mara tatu au nne, nayo inajipimia. Jizoeze kukanyaga huku mikono inapiga kitu kingine. Wiki nzima ya kwanza mguu wangu ulikuwa unafuata gitaa badala ya ngoma.

Marudio yasizidi mawili au matatu, na mwangwi uwe chini kuliko sauti yako kwa mbali. Hii ndiyo sauti yako ya pili: ile safi, na dilei juu yake, kwa ajili ya solo za polepole.

Hatua ya 9: Sauti yenye mkwaruzo

Ya tatu ni ovadraivu nyepesi kwa solo inayotaka kusukuma, na ya nne ni distoshoni kwa nyimbo chache, hasa za vijana wa kanisani. Hapa nina ushauri mmoja tu: weka gain mahali unapopapenda, kisha ipunguze hadi nusu ya hapo. Sauti ikiwa kubwa, mkwaruzo unaonekana mwingi kuliko ulivyousikia kwenye hedifoni, na ukizidi, noti zinayeyuka zikawa uji.

Kelele ya chini itaongezeka, ni kawaida. Kuna efekti inaitwa NOISE GATE, kazi yake ni kufunga mlango ukiwa hupigi. Ipandishe taratibu mpaka kelele inyamaze, usipitishe hapo. Ukiipandisha mno itakata noti ndefu katikati, kama mtu aliyezibwa mdomo kabla hajamaliza sentensi.

Hatua ya 10: Sawazisha sauti zote nne, kwa ukubwa wa ukumbini

Hili linachukua jioni nzima na halina raha yoyote. Fanya hivyo hivyo.

Kila priseti ina sauti yake ya jumla, inaitwa LEVEL au PATCH VOLUME. Sauti safi na ya distoshoni zinaweza kulingana kwenye namba na bado sikio likasikia tofauti kubwa. Mbaya zaidi, sikio letu likisikiliza kwa chini linapoteza besi na zile za juu sana. Ulichokisawazisha saa sita usiku kwa hedifoni, kikipandishwa ukumbini kinajaa besi na kinakwaruza juu. Kwa hiyo nenda mahali unapoweza kupandisha, hata kama ni saa moja tu kabla wenzako hawajafika mazoezini, na umwombe mtu asimame upande wa watazamaji.

Kama pedali yako ina lupa, yaani ile sehemu ya kurekodi kipande kikajirudia, na inakuruhusu kuiweka mwanzoni mwa mnyororo, una bahati. Rekodi kipande cha gitaa tupu, kiache kijizungushe, kisha uende mwenyewe ukasimame mbele ya spika. Gitaa linajipiga, wewe unasikiliza na kurudi kurekebisha. Hilo lilinifundisha kuliko video zote nilizotazama.

Ya safi iwe kipimo. Ya dilei na ya ovadraivu, zile za solo, zipande juu yake kidogo, kiasi cha mtu wa nyuma kugeuza kichwa. Ya distoshoni iwe sawa na ya safi, isizidi, maana tayari inachukua nafasi.

Hatua ya 11: Miguu

Pedali nyingi zina namna mbili za kutumia vitufe vya miguu. Ya kwanza, kila kitufe ni sauti nzima: unakanyaga, kila kitu kinabadilika. Ya pili, kila kitufe kinawasha na kuzima efekti moja ndani ya sauti ile ile. Anayepiga solo harusini atafurahia ya kwanza. Mpiga rithimu anayehitaji tu kuongeza korasi hapa na pale atafurahia ya pili. Jaribu zote, chagua moja, kaa nayo. Anayezibadilisha kila wiki hujikuta anatazama chini wimbo mzima.

Panga sauti zako nne kwa mfuatano unaouhitaji katika wimbo, si kwa uzuri. Safi na ya solo ziwe jirani, ili usilazimike kupitia distoshoni ukienda kwenye solo. Niliwahi kupita katikati ya wimbo wa bibi harusi akiingia. Sekunde moja tu ya distoshoni, na shangazi mmoja wa mbele bado ananikumbuka.

Kisha fanya mazoezi ukiwa umevaa viatu utakavyovaa. Peku nyumbani unakanyaga kitufe kimoja, na moka ya harusini inakanyaga viwili.

Pedali ikiwa na kile kibao cha kukanyagia cha sauti au wawa, tafuta kwenye menyu neno CALIBRATION, ufuate maelekezo yake: kinyanyue hadi mwisho, thibitisha, kikanyage hadi mwisho, thibitisha. Kisipopimwa utakuta sauti haishuki mpaka sifuri au haifiki juu.

Hatua ya 12: Nakala, programu mpya, na chumvi

Ukiwa na zile nne, chomeka pedali kwenye kompyuta kwa USB, tumia programu ya mtengenezaji kuhifadhi nakala. Huna kompyuta? Piga picha za skrini kwa simu, ukurasa kwa ukurasa. Inachosha, lakini picha ishirini zimeniokoa siku nilipobonyeza FACTORY RESET nikidhani ni kitu kingine.

Programu ya ndani ya pedali nayo husasishwa mara kwa mara. Usifanye hivyo siku ambayo umeme unacheza. Ukikatika katikati ya kazi hiyo, pedali inaweza kugoma kabisa kuwaka. Iwe na betri mpya kama inakubali betri, laptopu iwe imejaa chaji, na usiguse kitu hadi iseme imemaliza. Na usifanye Ijumaa kama una kazi Jumamosi.

Sisi wa pwani tuna adui mwingine. Upepo wa baharini unaleta chumvi, na chumvi inapenda chuma. Nilipokuwa nakaa karibu na Raskazone jeki zangu, yale matundu ya waya, zilishika kutu ya kijani ndani ya miezi michache. Ukimaliza kupiga, ifute pedali kwa kitambaa kikavu, irudishe kwenye begi, na tupia humo vile vifuko vidogo vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Nobu ikianza kukwaruza ukiigeuza, tumia dawa ya kupuliza ya kusafishia mawasiliano ya umeme, waliyonayo mafundi redio, pedali ikiwa imezimwa na kuchomolewa, uiache ikauke. Mafuta ya kupikia, ya nazi, ya cherehani, hapana. Nimeona yote.

Kwenye bodaboda ivae mgongoni, usiifunge nyuma ya kiti. Mtikisiko unalegeza jeki zilizochomelewa kwenye bodi ya ndani, na kuzichomelea upya ni kazi ya fundi mwenye subira.

Kwenye mfuko wa pembeni wa begi ninabeba waya mmoja wa ziada, betri nne, na adapta, ambayo nimeifunga kipande cha plasta na kuandika kwa wino mwekundu: GITAA TU. Mpiga kinanda wetu bado anaiomba kila Jumamosi.